Thome, baraza na jukwaa: Vijana wa Kanyangi watajifunzia wapi kusema?

Mwezi jana nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kanyangi, kule Yatta ya Chini katika Kaunti ya Kitui. Yeye na majirani wachache huwasomesha watoto wao nyumbani. Wana vitabu, wana ratiba ukutani, na wazazi hupokezana zamu za kufundisha. Watoto tisa kati ya hao sasa wamefika umri wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba. "Profesa," akaniambia, "hawa watoto hesabu wanajua, vitabu wanasoma kunishinda mimi, lakini mgeni akiingia tu wanainamisha vichwa. Tupangie darasa la kuongea mbele ya watu."

Mpango alikuwa nao tayari, alitaka tu niutie muhuri. Vipindi kumi na viwili. Jukwaa la mbao. Kipaza sauti cha kukodi Kitui mjini. Kila kijana aandike hotuba yake, aihifadhi, na siku ya mwisho wazazi waketi kwenye viti vya plastiki wapige makofi, kisha vyeti vitolewe. Nilimwambia, "Mwaitu, nipe wiki mbili." Zikawa nne.

Kilichonichelewesha ni historia. Nilipoketi kuandika mpango nikajiuliza: kabla ya shule kufika Ukambani, watu wa huku walijifunzaje kusema mbele ya wenzao? Maana walisema, tena walisema vizuri. Na wote, kwa hakika, walisomea nyumbani.

Kabla ya wenzangu kumwandikia mhariri, niseme kwamba sheria naijua. Katiba katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule. Mvutano kuhusu kusomeshea watoto nyumbani umeshafika mahakamani na si mimi wa kuukata. Ninakumbusha tu kwamba kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wengi wetu tuligeuzwa walimu wa nyumbani bila kuulizwa.

Turudi kwenye hoja. Mkamba wa karne ya kumi na tisa hakuwa na jukwaa. Alikuwa na thome. Thome ni uwanja ulio nje ya lango la boma, mahali wanaume walipoota moto jioni, walipopokea wageni na kusikiliza mashauri madogo ya kijiji: ng'ombe aliyeingia shamba la mtu, deni la mahari, mpaka uliosogezwa. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa karne iliyopita na kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu Wakamba mwaka wa 1916, aliandika kwa kirefu juu ya ngazi alizopanda mwanamume. Kwanza alikuwa mvulana, kisha mwanake, kisha nthele, ndipo akawa mutumia, mzee mwenye haki ya kuketi na kusema katika nzama, yaani baraza la wazee. Kila ngazi ilikuwa na malipo yake ya mbuzi na pombe.

Mvulana aliketi pembeni ya thome akitumwa kuni na tumbaku. Hakuulizwa maoni yake. Lakini masikio alikuwa nayo. Aliona mzee anavyosimama, anavyonyamaza kabla ya kuanza, anavyotaja methali pale hoja inapomkwama, na jinsi mwenzake anavyoirudisha methali ile ile dhidi yake. Akaona pia mtu mwenye haki akishindwa kwa sababu alisema kwa hasira. Aliposhika zamu yake ya kusema, alikuwa amehudhuria mashauri mamia. Huo ndio mtaala uliokuwapo, na ulichukua miaka ishirini hivi. Mama wa Kanyangi ananipa Jumamosi kumi na mbili!

Waswahili wa pwani nao wana kitu cha namna hiyo, na kwa bahati neno lenyewe limesalia. Baraza, kabla ya kuwa mkutano wa chifu na kabla ya kuwa Baraza la Mawaziri, ni kile kiti cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, huko Lamu au Mombasa, ambapo mwenye nyumba aliketi na wageni wake. Tazama mahali penyewe. Baraza si ndani, si barabarani. Thome pia si bomani wala si porini. Mtoto yuko kwao, anaweza kukimbilia kwa mamake akizidiwa, lakini aliyeketi mbele yake si mzazi wake peke yake. Ni mjumbe aliyetoka kijiji cha pili, ni mdai aliyekuja na hasira zake, ni mzee asiyempenda babake.

Hapo ndipo lugha yetu inapotusaidia kufikiri. Tuna kitenzi kuhutubia, ndugu wa hotuba, neno lililotujia kutoka Kiarabu pamoja na khutba ya msikitini. Mtu huwahutubia watu. Wao hutega masikio. Kisha tuna kulumba, tunakopata mlumbi na ulumbi, na tukikitia kile kiambishi cha kutendana tunapata kulumbana. Huwezi kulumbana peke yako. Lazima pawe na anayejibu, na anayejibu aweze kukushinda. Mama yule aliniomba darasa la kuhutubia. Thome ilifundisha kulumbana.

Nisije nikaipamba thome kupita kiasi. Ilikuwa ya wanaume. Msichana hakuwa na nafasi pale, na yeyote anayetaka kuirejesha jinsi ilivyokuwa atawaacha nje vijana wanne kati ya tisa wa Kanyangi, kwani wanne ni wasichana. Wao walisomea kwingine. Jioni, kando ya moto wa nyumba ya mama, kulikuwa na hadithi na vitendawili. Mmoja anaita "Kwata ndai!" na mwenzake anajibu "Nakwata!", kama sisi tunavyosema "Kitendawili!" na "Tega!". Mchezo wa watoto, ndiyo, lakini angalia unachofundisha. Unaitwa, unaitika, na ukishaitika huna pa kujificha: lazima ujibu mbele ya wote au ukubali umeshindwa, kisha uendelee kucheza. John Mbiti, mwana wa Mulango hapo hapo Kitui aliyezaliwa 1931 na ambaye dunia inamjua zaidi kwa maandishi yake ya dini na falsafa, alikusanya hadithi hizo kwa mamia kabla ya kuchapisha sehemu yake mwaka wa 1966. Kwenye ngoma nako kulikuwa na ngui, kiongozi na mtunzi wa nyimbo, aliyeweza kumtaja mkosaji hadharani na kuponea usalama wa wimbo. Na baadaye zikaja mwethya, zile kazi za ushirika za kuchimba mitaro na kujenga vizuia mmomonyoko, ambapo wanawake walizoea kupanga, kubishana na kuamua wakiwa wamesimama juani na majembe mikononi.

Shule ilipofika ilileta mambo mema mengi, nami ni mtoto wake. Lakini katika suala hili la kusema, ilibadilisha msikilizaji. Mtoto sasa alisema mbele ya mwalimu ili mwalimu ampe alama. Nikiwa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya sitini, aliyenaswa akisema Kikamba alivishwa kipande cha mbao shingoni, naye alikesha akitega masikio ampate mwingine wa kumpokeza. Jioni wa mwisho kukivaa alichapwa. Shule hiyo siitaji, hazikuwa chache. Ilitufunza kwa bidii kubwa namna ya kunyamaza.

Sekondari tulikuwa na midahalo kila Ijumaa. Mada zilikuwa zile zile zilizozunguka nchi nzima: moto ni bora kuliko maji, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Nakumbuka nilivyoutetea mji kwa ufasaha, nikashangiliwa, nikashinda. Sikuwa nimelala mjini hata usiku mmoja.

Baadaye kinaya kilizidi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa, na baadaye fasihi simulizi ikapata nafasi yake darasani, ulumbi ukiwamo. Mtahiniwa huulizwa sifa za mlumbi bora naye huziorodhesha kwa kalamu. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, stadi za kuzungumza zina alama 30 kati ya 60, na zote hujibiwa kwa maandishi. Mtoto anaandika jinsi ambavyo angesema. Mtaala mpya wa umilisi umeweka Kusikiliza na Kuzungumza mbele kama mada ya kwanza, jambo ninalolipongeza, ila darasa lenye watoto sitini halimpi kila mmoja nafasi ya kusema na kujibiwa.

Kwa hiyo mzazi wa Kanyangi anayedhani shule ingemfanya mwanawe mlumbi ajipe moyo, huenda isingemfanya. Lakini asifurahi mapema, kwa maana kuna hoja nzito dhidi yake, na ni ya zamani kweli kweli.

Quintilian, mwalimu wa ulumbi huko Roma aliyezaliwa Hispania katika karne ya kwanza, aliandika kitabu kizima juu ya malezi ya mlumbi. Mwanzoni kabisa mwa kitabu hicho anauliza swali hili hili: mtoto asomeshwe nyumbani au apelekwe shule? Anawasikiliza wazazi wanaoogopa kwamba shuleni maadili yataharibika, na anawajibu kwamba hata nyumbani maadili huharibika, tena mara nyingine wazazi wenyewe ndio waharibifu. Kisha anafika kwenye kiini. Mtu atakayeishi mbele ya umma, asema, azoee tangu utotoni kutowaogopa watu. Aliyelelewa kivulini peke yake hupofushwa na jua siku anapotoka, na pia hujiona mkubwa kwa sababu hana wa kujilinganisha naye. Na anaongeza jambo ambalo kila mhadhiri analijua: mwalimu mwenyewe hawezi kusema kwa moto mbele ya msikilizaji mmoja.

Nilipolisoma tena niliwaona wale vijana tisa. Kila mmoja na kijitabu chake, anajisomea, anajisahihisha, anasonga mbele kwa mwendo wake. Kwa hesabu na sayansi utaratibu huo una faida zake. Kwa kusema mbele ya watu, ndicho kivuli alichokitaja Quintilian.

Lakini Roma hiyo hiyo inatoa jibu la pili. Tacitus, katika mazungumzo yake juu ya walumbi, anampa mhusika mmoja nafasi ya kukumbusha desturi ya kale. Zamani, kijana alipomaliza malezi ya nyumbani, babake au jamaa yake alimpeleka kwa mlumbi mashuhuri. Akamfuata mahakamani na mikutanoni, akasikiliza kesi za kweli zenye wapinzani wa kweli na umati usio na subira. Siku hizi, analalamika mhusika huyo, vijana wanapelekwa kwenye shule za ulumbi ambako watoto wanawasikiliza watoto wenzao, wakitoa hotuba juu ya visa ambavyo havijawahi kutokea. Nikakumbuka mdahalo wangu wa mji na kijiji.

Desturi hiyo ya Kirumi ni thome tupu. Kijana hutoka nyumbani akaenda moja kwa moja penye neno lenye uzito, bila kupitia jukwaa la kujifanya. Quintilian na Tacitus, ukiwasoma pamoja, wanahimiza kitu kimoja: hadhira ambayo haikuzai na haikupi alama.

Uzito wa neno la namna hiyo Ukambani unaujua. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, kwa madai kwamba ng'ombe walikuwa wanaumaliza udongo. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Chini ya chama cha Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akiwa msemaji wao, maelfu ya watu wa Machakos, wanaume kwa wanawake na watoto, waliingia Nairobi wakapiga kambi wakidai kuonana na gavana. Walikaa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ikalazimika kuacha kuuza mifugo kwa nguvu. Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya Nairobi na wapita njia wengi hudhani ni jina tu. Ninalotaka msomaji aone ni kwamba umati ule haukukusanywa kwa redio wala gazeti. Ulikusanywa kwa vinywa, kijiji kwa kijiji, mkutano kwa mkutano, na watu waliojua kubishana mpaka wakakubaliana.

Basi nikamwandikia mama yule mpango wangu. Jukwaa nimeliondoa. Kipaza sauti nimekiondoa. Vyeti nimeviacha, maana mzazi wa Kenya bila cheti halali.

Vipindi vinne vya kwanza hakuna kijana anayesema. Wanakwenda kusikiliza: baraza la chifu, mkutano wa mbai, yaani ukoo, ambao Kitui bado uko hai na wenye ubishi wa kutosha, na kikao kimoja cha kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila kijana anarudi na jibu la swali moja tu: nani alibadilisha mawazo ya nani, na kwa neno gani? Mama alinipigia kulalamika kwamba huo si ufundishaji, ni matembezi. Nilimkumbusha yule mvulana wa kuni na tumbaku.

Kisha wanasema, wakiwa wameketi, chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba moja, nje ya lango. Mzazi haruhusiwi kumsikiliza mwanawe mpaka kipindi cha kumi. Wanaosikiliza ni watu watatu au wanne wa kijijini walioalikwa, wenye ruhusa ya kumkatiza msemaji. Mada lazima iwe jambo ambalo mmoja wa wasikilizaji hao litamgusa mfuko au shamba. Lugha achague mwenyewe, ila akiulizwa kwa Kikamba ajibu kwa Kikamba. Hili la lugha lilizua ubishi kuliko yote. Wazazi wawili walikuwa wanalipia darasa, kwa maneno yao, ili watoto "wang'oe" Kiingereza. Sikuwalaumu, najua kipande cha mbao kilichowalea.

Nilihudhuria kipindi cha tano. Mvulana mmoja wa miaka kumi na mitano alisema kwa dakika sita, kwa Kiingereza safi, juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Alikuwa amehifadhi takwimu za barafu ya ncha ya dunia. Mzee mmoja, fundi wa visima, akamwuliza kwa Kikamba, kwa upole: kisima changu kilikuwa na maji futi kumi na tano, sasa nachimba thelathini, hiyo barafu inahusianaje na mimi? Kijana alimtazama, akatutazama sisi, akatazama chini. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Nilitaka kumwokoa nikajizuia. Hatimaye akasema, "Sijui, mzee. Kisima chako kiko karibu na mto?" Mzee akasema kiko. "Na mchanga wa huo mto umechukuliwa?" Hapo mzee akasogeza kiti chake mbele.

Mchanga, kwa wasiojua, ndio jambo lenyewe upande huu. Mito yetu ni ya msimu. Maji hujificha ndani ya mchanga na watu hufukua wakateka. Malori yakiubeba mchanga kwenda kujenga miji, maji nayo yamekwenda. Ng'ambo ya Mto Athi, Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Mambo kama hayo huamuliwa katika vikao vya kuhusisha umma, ambavyo Katiba katika kifungu cha 196 inayataka mabunge ya kaunti kuviwezesha. Kifungu hicho kinasema umma. Umri hakiutaji. Kwa hiyo nimependekeza kipindi cha kumi na mbili, badala ya sherehe ya makofi, kifanyike siku wodi ya Kanyangi itakapoitwa kutoa maoni, na mmoja wa vijana asimame aseme kama mkazi.

Walimchagua msichana wa miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyesikiliza kuliko wote zile wiki nne, na swali lake ndilo lililoniletea usingizi wa mang'amung'amu. Alinifuata hadi kwenye gari. Babake ana lori. Ada ya vitabu vyao, ya yeye na nduguze wawili, hutoka kwenye mchanga. "Profesa," akauliza, "nikishasema hayo mbele ya watu, jioni nitakula wapi?"

Sikumpa jibu. Nilimwomba ruhusa ya kuzungumza na babake, akanipa. Mzee mwenyewe, mtu wa maneno machache, alinisikiliza huku akifuta kioo cha lori lake. Nilipomaliza akaniambia kwamba bintiye na aseme. "Lakini mimi pia ni mkazi," akasema. "Akikaa chini, mimi nitasimama nimjibu, na asinikatize mpaka nimalize."

Nilibadilisha ratiba. Kipindi cha kumi, cha kwanza ambacho wazazi wanaruhusiwa, ni cha hao wawili, chini ya mwembe, na fundi wa visima ndiye mwenyekiti.